Fimbo mbili za kukunja zimenipandisha mlima niliouogopa tangu uasi

Wakuu, heshima kwenu wa bara na wa visiwani, na ndugu zangu wa huku Kongo mnaosomaka kimya kimya bila kuandika.

Minye ni mtu wa Uvira, mtaa wa Nyamianda. Kazi yangu ni ziwa. Shule niliishia primeri, kwa hiyo mkikuta herufi imeanguka, iokoteni tu tuendelee. Lakini haya ninayoandika ni ya kweli. Anayebisha aje aone goti langu, liko hapa, halijaenda popote.

Nina furaha mpaka vidole vinakosea batani. Nivumilieni.

Iko hivi. Mmeshawaona wazungu wanapanda milima na fimbo mbili nyembamba za aluminyumu, moja kila mkono? Mnacheka, si ndiyo? Minye pia nilicheka. Nilisema mtu mwenye miguu mizima anatembeaje kama mbuzi.

Leo nimekuja kuwaambia muache kucheka.

Lakini kwanza mjue kwa nini nilikuwa sipandi mlima.

Wakati wa uasi tulikuwa tunakaa Nyakabere, kule bonde la Ruzizi. Baba alilima mpunga. Mgongo wake uliharibika kwa kuinama kwenye matope miaka yote, akajikatia fimbo mbili za mkaratusi, akawa anatembea nazo, moja kulia, moja kushoto. Watu wakamwita Muzee wa Miguu Mine. Hakukasirika. Aliwajibu: "Mulishaona meza inateleza?"

Waasi walipoingia tukakimbilia milimani. Baba, mama, dada yangu Furaha, na minye niliyekuwa ndiyo kwanza naota ndevu. Kwenye mupando baba na fimbo zake alitupita wote. Naapa. Vijana walikaa chini wakihema, yeye anapita anasema "bonjour".

Juu ya Luberizi kuna mto wa mawe tunaouvuka kwa miguu. Pale kuna desturi yake. Ukivuka na fimbo, ukifika ng'ambo unaisimamisha katikati ya mawe unaiacha. Anayetoka upande ule anaichukua, anavuka nayo, anaiacha upande huu. Fimbo ya mto haina mwenyewe. Mtoto anajua, mlevi anajua, hata mwizi wa ng'ombe anajua.

Siku ile tukakuta bariyeri, kizuizi cha waasi, kabla ya maji.

Aliyeisimamisha ni Deo Kashama. Naandika jina lake lote, sifichi. Hakutoka nchi ya mbali. Alikuwa jirani yetu Nyakabere, ugali wa mama yangu ameula, na alipoingia uasi akajiita Komanda Sans-Pitié, yaani Asiye na Huruma. Msaidizi wake ni Zabuloni, kinyozi, aliyewahi kuninyoa kichwa hiki. Huyo ndiye alikuwa anapekua watu.

Kashama akasema: "Fimbo zote chini! Fimbo ni silaha."

Baba akamwambia: "Deo, mwanangu, unanijua. Hii ni miguu yangu."

Zabuloni akacheka: "Basi acha miwili hapa, ubaki na miwili kama sisi."

Kashama, bila hata kumuangalia: "Weka hapo, muzee. Mukirudi mutazikuta."

Wakuu, hatujagusa hata maji, nageuka namuona Zabuloni anazivunja kwa goti lake, anachochea moto wa maharage yao. Za baba, za watu wote tuliokuwa kwenye msururu, na zile za mto zilizokuwa zimesimama kwenye mawe. Zote.

Mto ulikuwa umejaa. Tukavuka kwa kushikana mikono. Katikati baba akateleza. Nikaruka kumshika, goti langu likaingia kati ya mawe mawili likageuka. Nilishika koti lake. Koti likabaki mkononi.

Tulimpata chini, maji yalipotulia. Tukamzika upande wa juu wa mto.

Sitarefusha hapo.

Furaha akaolewa kulekule juu. Mama nikarudi naye, akazikwa Uvira baadaye. Minye na goti langu nikaingia ziwani, kwa sababu ziwani haiko mupando. Mtumbwi unakubeba pamoja na goti lako, hauulizi. Tangu siku ile sikupanda tena. Nikiangalia ile milima, goti linaanza kuongea lenyewe.

Kashama leo ana depo ya bia hapahapa mjini. Kanisani anakaa benchi ya mbele. Wanamwita Papa Deo. Zabuloni ana saluni yenye kioo kikubwa. Hakuna aliyewauliza kitu. Basi minye nawauliza hapa.

Turudi kwenye fimbo.

Mtoto wa Furaha anaitwa Neema, akapata mchumba. Kwetu, binti hatolewi bila mjomba kushika kamba ya mbuzi kwa mkono wake. Iko mbuzi ya mujomba, upande wa kijana wanaileta, na mjomba akiwa hai hatumi mtu. Anayewakilishwa ni marehemu. Mjomba asipofika, wageni wanafunga vitu vyao wanarudi navyo.

Safari ya kwanza niliwaambia goti. Wakaahirisha. Baba wa kijana akasema sawa, ila safari ya pili ndiyo ya mwisho, nikikosa tena mwanawe atatafuta kwingine.

Furaha akanipigia: "Ndugu yangu, kama umekufa niambie tuweke matanga, tujue moja. Mutoto wangu hawezi kukaa nyumbani sababu ya goti."

Pikipiki inafika mpaka chini ya mlima tu, baada ya hapo ni njia ya mawe na utelezi.

Sasa shemeji yangu Jules, ndugu wa mke wangu, anafanya kazi ya bustani Bujumbura. Mzungu wake alihama, akaacha vitu. Jules akaja na kifuko kirefu, ndani fimbo mbili za kuingiliana, vipande vitatu vitatu.

Ananiambia: "Shemeji, kwanza nilizifunga juu ya paa, nilijua ni antena ya televisheni. Picha haikuja."

Likumbukeni hilo neno antena, litarudi.

Nikaanza mazoezi kwenye vilima vya nyuma ya mji. Wakuu, nilifanya ujinga ambao ni mvuvi peke yake anaweza kuufanya.

Sisi tunajua mti mmoja tu, upondo, ule mrefu wa kusukumia mtumbwi penye maji mafupi. Unauchoma nyuma yako, unausukuma, mtumbwi unaenda mbele. Basi na minye nikachoma fimbo zote mbili nyuma nikasukuma. Kupanda, naona ninakwenda! Nikafurahi. Kushuka nikafanya vilevile. Nilijizindua kama mtumbwi mpya, nikatua katikati ya mihogo ya watu.

Kulikuwa na wamama wanalima. Mmoja akaita wenzake: "Mukuje muone! Muvuvi ameleta mutumbwi kwenye mulima!"

Mwingine: "Papa, samaki wa huku ni panya tu!"

Kosa la pili, ile kamba ya mkononi niliifunga fundo letu la nyavu, lisilofunguka. Fimbo ikakwama kati ya mawe, minye nimeshapita, mkono umebaki nyuma. Bega liliimba wiki nzima.

Ndipo nikakaa na simu nikatazama video. Yule mtu alikuwa anaongea lugha siijui, nikawa naangalia mikono yake tu. Na hapa ndipo nawaomba msome polepole, maana ndilo lililonileta.

Mkono unaingia kwenye ile kamba kutokea chini, kisha unashika kamba na mpini pamoja. Usifunge fundo. Uzito unakaa kwenye kamba, vidole vinapumzika.

Ukiwa tambarare, kiwiko kikae kama kona ya meza. Unapanda, zifupishe. Unashuka, zirefushe, na UZICHOME MBELE YAKO kabla ya mguu. Mbele, wavuvi wenzangu. Mbele!

Mguu wa kulia unakwenda na fimbo ya kushoto. Hii mwili wenyewe unaijua, ukifikiria sana ndiyo unaanza kutembea kama roboti.

Na ile sehemu ya kukaza vipande, ijaribu kwanza. Iegemee ukiwa umesimama salama. Yangu moja ilijikunja ghafla kwenye mteremko, nikabaki natazamana na udongo.

Siku ya safari pikipiki ikanishusha mwisho wa njia, nikapanda.

Jamani.

Siwezi kueleza. Goti lililolala tangu ujana likaamka likakuta kazi imeshagawanywa, mikono inabeba, mabega yanabeba, lenyewe linasindikiza tu. Nilikuwa nacheka peke yangu kwenye korongo. Nikampita kijana mwenye gunia, nikamwambia "bonjour". Ndipo nikasimama. Nikakumbuka nani alikuwa anasema hivyo.

Nikaendelea mpaka karibu na mto. Na palepale, wakuu, mahali palepale, bariyeri.

Kamba imekatishwa njia, vijana wa milimani wanaolinda vijiji vyao, wana bunduki. Vita vya sasa sielezi, mnavisikia. Mkubwa wao ana ndevu, amevaa koti la mvua, wanamwita Amani.

"Simama! Iyo unashika ni nini?"

"Fimbo, mukubwa. Za kutembelea."

"Fimbo gani inang'aa?"

Kwa upumbavu wangu nikataka kumuonyesha ni kitu kizuri. Nikalegeza, nikaisukuma, klak, ikaingia ndani yake.

Wote wakaruka nyuma. Bunduki juu.

"Mumeona! Inaingiaka ndani! Iko antena! Huyu ni espiyo!"

Mwingine akasogea akainamia fimbo: "Komanda, na frekansi ziko zimeandikwa! Mia moja na kumi, mia moja na kumi na tano, mia moja na makumi mbili..."

"Ni sentimeta, ndugu zangu. Ni urefu."

"Urefu wa nani?"

"Wa fimbo!"

"Fimbo inajipima yenyewe?"

Amani akachukua moja akaiweka sikioni, akafumba macho. Naye yule wa frekansi akamuuliza kwa sauti ya chini, "Wanasema nini?"

Leo nacheka. Siku ile sikucheka. Kule mbele binti anasubiri, huku nimeitwa jasusi, na mtu anayeitwa jasusi mlimani hapelekwi mahakamani.

Nikasikia mtu anahema nyuma yangu. Ni mama mmoja ana mzigo wa makaa mgongoni, kamba imepita kwenye paji la uso kama wanavyobeba wa kule juu. Mama Nabintu. Akauliza kuna nini, wakamwambia wamekamata espiyo.

"Nipe niione," akamwambia Amani, kama anaomba kijiko. Akanyang'anya ile iliyokuwa sikioni, akachukua na ya pili mkononi mwangu, akaingia mtoni na mzigo wake wote. Tukabaki tunatazama. Akafika katikati, akageuka, akarudi. Hakuyumba.

Akasema: "Kama iko antena, basi inashika magoti. Weye Amani, mama yako anavuka hapa na mgongo umepinda, na weye unaisikiliza kama radio?"

Vijana wakaangalia chini. Nikapata nguvu, nikaongea. Nikawaambia hapahapa waliposimama baba yangu alinyang'anywa fimbo mbili, na nani alimnyang'anya, na maji yalifanya nini.

Mama Nabintu akanitazama usoni muda. "Weye ni mutoto wa Miguu Mine?"

Niliitikia kwa kichwa.

"Tunapita kwenye kaburi lake kila siku ya soko," akasema.

Amani akawa anakuna ndevu. Alikuwa hana ubaya, ila aliogopa wakubwa wake. Mwishowe akasema: "Muzee, nakuamini. Lakini nikiachia zote mbili na ikatokea kitu juu, nitasemaje? Pita na moja. Moja ibaki hapa. Ukirudi utaikuta."

Utaikuta.

Wakuu, hilo neno lilinichoma. Nilimwambia, "Kijana, hilo nilishalisikia hapahapa." Lakini jua lilikuwa linakwenda na mbuzi ilikuwa inasubiri. Nikamwachia.

Nikachukua fimbo moja ya mti kwenye mawe ya mto, nikavuka nayo pamoja na yangu. Na hili liandikeni: kwenye maji mnatoa mkono kwenye kamba, fimbo ikikwama uiache iende bila wewe. Uso unaangalia maji yanakotokea. Unasogeza fimbo, halafu mguu, halafu fimbo. Sio vyote kwa pamoja. Nilipofika katikati nilijua ndipo baba alipoteleza. Sikusimama.

Ng'ambo nikaisimamisha ile ya mti kwenye mawe, nikapanda na moja iliyobaki, nimeishika upande ulio kinyume na goti bovu. Watu wengi wanaishika upande wa goti lenyewe, ni kosa. Kaburini kwa baba nikavua kofia, nikamwambia narudi.

Nilipotokea kwa Furaha, wageni walikuwa wamesimama. Kweli kabisa. Kamba ya mbuzi iko mkononi mwa baba wa kijana, vitenge vimeshafungwa upya.

Furaha akaniona. Akapiga kelele kijiji kizima kikasikia: "Marehemu amefika!"

Nilipewa kamba ya mbuzi nikiwa bado nahema. Neema akanipigia magoti analia, namwambia inuka mama, magoti ni kitu cha kutunza. Tukacheza. Nilicheza na fimbo mkononi, wazee wakaipitisha kwa zamu, kila mtu anaiegemea, anasema "eeeh". Baba wa kijana akataka kujua kama inapatikana ya rangi nyingine!

Baada ya sherehe nikashuka. Fimbo nimeirefusha, naichoma mbele, mbuzi wangu nimemwachia Furaha. Mtoni nikachukua mti wa watu, nikavuka.

Bariyeri haikuwepo. Kamba imeondolewa, vijana wamehama. Nikaona kitu kimoja tu pale walipokuwa wamekaa: majivu.

Nilisimama juu ya yale majivu nikayageuza kwa ncha ya fimbo. Natafuta kipande cha aluminyumu. Nilishaanza kumtaja Amani pamoja na Kashama na Zabuloni. Nilishaanza na huu uzi kichwani, ungekuwa na jina jingine.

Halafu nikainua macho.

Ilikuwa imesimama kwenye mawe. Katikati ya fimbo za miti, imekazwa vizuri, inang'aa juu, na chini ina matope mabichi mpaka katikati. Mpini una alama ya masizi, vidole vya mtu wa makaa. Watu walikuwa wanaivukia.

Nilikaa chini, wakuu. Minye mtu mzima.

Nilipoinuka nikanyoosha mkono niichukue. Ni yangu, si ndiyo? Lakini imesimama kwenye mawe ya mto. Na baba yangu alivuka pale bila fimbo kwa sababu mtu mmoja aligeuza fimbo za mto kuwa kuni.

Nikausimamisha mti wa watu pembeni yake, nikashuka mlima na moja.

Kwa hiyo funzo langu ni hili. Anayekuambia fimbo mbili ni za wazee au za wazungu, mwambie aende apande kwanza. Goti bovu si mwisho wa mlima. Ila usizikunje mbele ya mtu mwenye bunduki.

Na wewe Deo Kashama, najua wajukuu wako wana simu na watakusomea. Na Zabuloni pia. Zile fimbo mlizochoma, moja imerudi pale mtoni. Haiungui.

Sasa naombeni msaada wenu. Nimebaki na moja, na Furaha ana binti wa pili. Nani anajua wapi napata mwenzake, Bujumbura au Kigoma? Na wale mnaopanda Kilimanjaro na Meru, mpini wa mpira na ule wa kitu kama kizibo, upi haukati mkono ukiloa jasho? Wenye magoti kama langu, andikeni, hata mstari mmoja. Nasoma yote, leo siendi ziwani.